Kombe la Chaguo la Kwanza

Nchi nitakayoisimulia haipo. Naomba hilo lieleweke mapema, kwa sababu nina pensheni ya kulinda. Ukisoma ukaona inafanana na nchi unayoijua, kosa ni la macho yako, nami nakushauri uende hospitali, kama hospitali yenu ina dawa. Inaitwa Jamhuri ya Ridhaa, na sisi raia wake ni Waridhaa, watu tunaosifika dunia nzima, au angalau redioni kwetu, kwa kuridhika.

Mimi naitwa Kibwana. Ni karani wa Shule ya Sekondari Pakachani. Nimegonga muhuri kwa miaka thelathini na mmoja na sijawahi kuugonga kichwa chini miguu juu. Mambo yote nitakayoyaeleza yalipita mezani kwangu, yakapata muhuri, yakaenda zake. Mimi sina maoni. Karani mwenye maoni ni kama choo chenye dirisha kubwa, watu hawakitumii kwa raha.

Zamani vyuo vikuu vya umma huku kwetu vilikuwa vyuo tu. Ukifaulu unakwenda, ukifeli unalima. Kisha Serikali ikaona huo ni ushamba. Ikaunda Kamati ya Kitaifa ya Kupanga Madaraja, wajumbe ishirini na wawili, wakazunguka nchi miezi kumi na minne wakitafuta kipimo cha elimu. Walianza kupima maktaba, lakini vumbi likawapa mafua. Wakataka kupima maprofesa, wakaambiwa maprofesa wamesafiri. Mwishowe mjumbe mmoja, ambaye alikuwa fundi wa milango kabla hajawa msomi, akasema kitu kisichotoa vumbi wala kusafiri ni lango. Basi wakapima malango.

Chuo Kikuu cha Kilele kilikuwa na lango la mita kumi na nane, la marumaru, na askari wawili wa kupigia saluti kila gari lenye kiyoyozi. Kikawa Daraja la Kwanza. Chuo Kikuu cha Mteremko kilikuwa na lango la chuma la mita sita, linalolia likifunguliwa. Kikawa Daraja la Pili. Chuo Kikuu cha Bondeni, ambacho zamani kilikuwa kiwanda cha kuchambua pamba, hakikuwa na lango. Kilikuwa na gogo la mkaratusi lililolazwa juu ya mapipa mawili, likiinuliwa kwa kamba. Kikawa Daraja la Tatu, na mjumbe mmoja akaandika pembeni mwa ripoti kwamba kamba ilikuwa imara.

Ripoti ilisisitiza kwamba daraja halimaanishi ubora. Ilitokea tu kwamba Kilele kulikuwa na maabara, walimu, na kozi za udaktari, uhandisi na sheria, na Bondeni kulikuwa na shahada moja, Shahada ya Maarifa kwa Jumla. Wahitimu wake wanajua kidogo kuhusu kila kitu, na waajiri nao wanajua hivyo.

*

Sasa, Ridhaa mtu hapangiwi chuo. Mtu anachagua. Ni haki iliyomo kwenye Katiba, baada ya ukurasa wa wimbo wa taifa. Tuna hata Wizara ya Chaguo Huru, jengo la ghorofa tisa ambalo raia huingilia mlango mmoja tu.

Uchaguzi unafanyika hivi. Mwanafunzi anapewa fomu kabla ya mtihani wa mwisho, ili achague bila kusumbuliwa na matokeo. Fomu ina mistari mitatu, lakini mwenye akili anajali mmoja, kwa sababu hakuna chuo Ridhaa kinachokubali kuwa chaguo la pili. Mteremko wakiona umewaandika chini ya Kilele, wananuna. Bondeni, pamoja na gogo lao, nao wananuna. Ukikosa chaguo la kwanza umekosa yote, na unarudi nyumbani miaka mitatu kujitafakari.

Mwaka huo Mheshimiwa Waziri akaleta jambo jipya. Alitangaza Kombe la Chaguo la Kwanza. Shule ambayo wanafunzi wake wote wangepata walichokichagua ingepewa kombe, na mwalimu wake mshauri angepandishwa kuwa Afisa Ushauri wa Wilaya, pamoja na gari. Shabaha, alisema Waziri, ni kuhakikisha ndoto za vijana zinatimia.

Pale Pakachani mwalimu mshauri alikuwa Mwalimu Chande. Huyu ni mtu mpole, suruali imenyooshwa, kalamu mbili mfukoni, na sauti ya kumlaza mtoto mwenye homa. Ilimchukua dakika tano kuelewa hesabu ya kombe lile. Njia ya hakika ya mtu kupata anachotaka ni kumfundisha kutaka kidogo. Walimu washauri wa nchi nzima walielewa hivyo hivyo, kila mmoja kwa wakati wake, kila mmoja akidhani ni mjanja peke yake.

Mwalimu Chande alianza na wale wazito, ambao hawakuwa na shida. Kisha wa katikati. Akabakiza mmoja, na huyo alikuwa mpwa wake mwenyewe, Mwantumu, mtoto wa dada yake Hadiya.

*

Lazima niseme kuhusu meno.

Wilaya yetu haina daktari wa meno. Ina fundi baiskeli. Jino likikuuma unakwenda kwake, anakukalisha juu ya tairi, anachagua koleo, na anauliza ni lipi, ingawa jibu lako halimzuii. Bi Hadiya, mjane, muuza vitumbua, alikwenda huko miaka sita iliyopita. Fundi aling'oa mawili mazima kabla ya kulipata bovu, na katika pilikapilika hiyo taya likapata ufa. Tangu hapo Bi Hadiya hatafuni upande wa kushoto, na baridi ikishika hufunga kitambaa kichwani kupitia kidevuni, anauza vitumbua akiwa amefungwa hivyo.

Mwantumu alikuwa na miaka kumi na miwili, na ndiye aliyemshika mama yake mabega siku ile. Alipotoka pale alisema atasomea meno. Watoto husema mengi. Huyu alisema, akakaa kimya, akasoma. Miaka sita hakushuka nafasi ya kwanza. Alichora taya la binadamu kwenye mfuniko wa ndoo ya unga kwa makaa, na mama yake hakuufuta.

Jumamosi moja asubuhi Mwalimu Chande alikwenda nyumbani kwao kuchukua fomu. Mimi nilikuwepo, nimebeba mkoba wa fomu za ziada, na vitumbua vilikuwa vya moto.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Umeshajaza?"

"Nimejaza. Kilele, udaktari wa meno."

Mwalimu Chande aliweka kitumbua chini. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nani amekudanganya?"

"Sijadanganywa, mjomba. Ni Kilele peke yake wanakofundisha meno."

"Nafasi ngapi?"

"Ishirini."

"Na nchi hii ina watoto wangapi wenye akili?"

"Sijui."

"Unaona? Hujui. Mtu anaingia kwenye mto asiojua kina chake, anasema mimi najua kuogelea." Akasogeza kigoda. "Mwantumu. Baba yako alipofariki, nani alikushika mkono akakupeleka darasa la kwanza?"

"Wewe, mjomba."

"Nimewahi kukupoteza njia?"

"Hapana, mjomba."

Bi Hadiya aligeuza vitumbua. "Kaka, mwache mtoto ajaribu. Walimu wote wanasema kichwa anacho."

"Hadiya, dada yangu, kichwa si kitu cha kujaribia. Mtaka yote hukosa yote. Akikosa Kilele, miaka mitatu atakaa hapa na wewe anapepea moto. Nani atamwoa akinuka moshi? Bondeni ni ya uhakika. Na sikilizeni, hili sijamwambia mtu." Akashusha sauti, akatoa simu. "Bondeni wanaanzisha meno. Mwaka huu huu. Kiti kimeshafika."

Tukaona picha. Kilikuwa kiti hasa, cha kijani, kinacholala, chenye taa yake na bakuli dogo la kutemea. Bi Hadiya alikitazama muda mrefu akiwa ameshika shavu.

"Mjomba, una hakika?"

"Mimi ni mjomba wako," alisema Mwalimu Chande. "Nikudanganye ili nipate nini?"

Sheria hairuhusu fomu ya Serikali kufutwa. Nikatoa mpya mkobani. Mwantumu akaandika Bondeni kwa hati nzuri, taratibu, herufi zote zimekaa sawa juu ya mstari. Ile fomu ya Kilele mjomba wake aliichana katikati, akafungia vitumbua vya kupelekea wanawe nyumbani. Mimi nikagonga muhuri.

*

Matokeo ya mtihani yalitoka mwezi wa pili. Mwantumu alikuwa wa tatu katika Jamhuri nzima. Wa kwanza alikuwa mvulana wa mkoa wa kaskazini, na wa pili msichana wa ziwani. Wote watatu walikuwa wamechagua Bondeni.

Siku ya kutangaza nafasi za vyuo tulikusanyika kantini kusikiliza redio. Mheshimiwa Waziri alihutubia kwa saa moja na robo. Nanukuu sehemu ambayo nadhani ataipenda.

"Ndugu Waridhaa! Leo historia imeamka, imenawa uso, na imeketi mezani kututazama sisi! Mataifa makubwa yenye theluji yameshindwa, sisi tumeweza! Asilimia tisini na tisa nukta tisa ya vijana wetu wamepata chaguo lao la kwanza! Hakuna aliyelia! Na kama yupo aliyelia, wataalamu wangu wamethibitisha kwamba yalikuwa machozi ya kuridhika!"

Makofi yalipigwa. Kisha mwandishi mmoja wa habari, ambaye nasikia sasa anaandika taarifa za hali ya hewa, aliuliza ni wangapi waliochagua Kilele.

"Saba," alijibu Waziri.

"Kilele kina nafasi elfu nne, Mheshimiwa."

"Ndiyo maana nasema chuo ni kikubwa."

"Na hizo nyingine atakaa nani?"

Hapo Waziri akaeleza, kwa upole wa mtu anayemweleza mtoto kwa nini jua ni moto, kwamba Wizara haikulala. Kulikuwa na waraka. Aya ya kumi na nne ya waraka huo ilisema kwamba wanafunzi ambao hawakurudisha fomu watapangwa na kompyuta kwenye nafasi zilizobaki, kuanzia Daraja la Kwanza.

"Yaani waliozembea ndio wanaokwenda Kilele?"

"Kijana, Serikali hii haiwezi kumwadhibu mtu kwa kutochagua. Kutochagua nako ni chaguo."

Kwa hiyo Kilele walikwenda waliolala, waliosahau, waliopoteza. Kijana mmoja ambaye fomu yake ililiwa na mbuzi alipangiwa upasuaji wa moyo. Wawili waliokuwa jela kwa kuiba nyaya walipangiwa uhandisi wa umeme, jambo ambalo angalau lilikuwa na mantiki. Lango la marumaru lilifunguka, askari wakapiga saluti, na vijana wakaingia wakiuliza hapa ni wapi.

Watu wa Pakachani walisema ni bahati, na bahati haina macho. Hemedi, mtoto wa Mwalimu Chande, aliyekuwa wa tano kutoka mwisho darasani, naye alikuta jina lake Kilele, uhandisi wa ndege. Baba yake alishangaa kuliko wote. Alishangaa mpaka akafanya dua na kuchinja mbuzi, na Mwantumu akaenda kusaidia kupika.

*

Mwantumu alifika Bondeni na sanduku la bati na barua. Gogo likainuliwa kwa kamba, akapita. Bwenini kulikuwa na mashine ya kuchambua pamba ambayo haikuweza kuhamishwa, kwa hiyo vitanda vilipangwa kuizunguka. Wanafunzi bora wa Jamhuri nzima walikuwa pale, mia sita, wakikohoa nyuzi. Katika somo la kwanza mhadhiri aliwafundisha kwamba dunia ina mabara. Mvulana wa kwanza kitaifa akanyoosha mkono, akauliza kama wataendelea zaidi ya hapo. Akaambiwa mwaka wa pili.

Siku ya tatu Mwantumu alikwenda kwa Makamu Mkuu wa Chuo kuuliza kuhusu meno. Alinisimulia mwenyewe, nami naandika kama alivyosema.

Makamu Mkuu alikuwa ofisini, amelala chali. Alikuwa amelala juu ya kiti cha kijani chenye taa yake. Kwenye bakuli la kutemea alikuwa ameweka karanga.

"Karibu, binti. Samahani siinuki, mgongo. Kiti hiki kimeniokoa kweli kweli." Akakanyaga kipedeli, akapanda juu kidogo ili amwone. "Una shida gani?"

"Shikamoo. Nimekuja kusomea meno."

"Meno?"

"Tuliambiwa mnaanzisha kozi. Tuliambiwa kiti kimefika."

"Kiti kimefika," alisema Makamu Mkuu kwa furaha, akikipiga kofi ubavuni. "Sijui nani amekwambia, lakini ni mkweli. Kiti tunacho. Kozi ndiyo hatukuomba."

"Sasa kiti mliomba cha nini?"

"Hatukuomba. Kilikuwa kinakwenda Kilele, dereva akapotea njia." Akamkaribisha karanga.

Mwantumu aliniambia hakulia pale. Alitazama ile taa juu ya kiti, akaona ina vioo saba, kama alivyosoma kwenye kitabu, na haijawahi kuwashwa. Alilia bwenini, nyuma ya mashine, ambako kila mtu alikuwa na pembe yake ya kulilia.

*

Alikata rufaa. Wizara ya Chaguo Huru ina Dirisha la Rufaa, na ukweli lazima usemwe, ni dirisha zuri, lina pazia. Nyuma yake alikaa afisa mmoja mwanamke aliyekuwa anapaka kucha rangi, mkono mmoja umekwisha.

"Unakata rufaa dhidi ya nini, mdogo wangu?"

"Dhidi ya kupelekwa Bondeni, dada."

"Uliomba wapi?"

"Bondeni."

Afisa alipuliza kucha. "Sijakuelewa."

"Nilishauriwa vibaya. Niliambiwa kuna meno. Nimekuwa wa tatu nchi nzima, na Kilele kuna watu hawajui hata walichopangiwa."

"Mdogo wangu, rufaa ni ya mtu aliyeomba kitu akanyimwa. Wewe umeomba, umepewa. Nikikupokelea hii, nitaandika umenyimwa nini?" Akamtazama, na Mwantumu anasema macho yake hayakuwa mabaya. "Ungekuwa hukuchagua, ningekusaidia. Lakini ulichagua mwenyewe. Sahihi si yako hii?"

"Ni yangu."

"Basi pole. Nenda kasome. Kila kitu ni kumwomba Mungu."

*

Pakachani tulishinda Kombe. Shule mia mbili na kumi zilifungana na sisi, kwa hiyo Wizara ilitengeneza makombe mia mbili na kumi na moja, na letu lilikuwa na jina la shule nyingine nyuma, lakini aliyepanga viti alilielekeza ukutani.

Sherehe ilifanyika mwezi wa sita. Mheshimiwa Waziri alikuja mwenyewe. Mwantumu aliitwa kutoka Bondeni kwa barua rasmi, ili asome shukrani kwa niaba ya waliopata chaguo lao. Nilimwona akishuka kwenye lori la chumvi, amekonda, nyuzi za pamba kwenye ushungi. Bi Hadiya alikuja na kanga mpya, doti nzima, ili amvike kaka yake mbele ya watu kama tunavyofanya kwa ndugu aliyetutendea wema. Kidevu kilikuwa kimefungwa kitambaa, na alicheka upande mmoja wa mdomo.

Hemedi naye alikuja, na koti jeusi la Kilele lenye nembo ya lango. Hemedi si mtoto mbaya. Ni mtu ambaye Mungu hakumpa uongo kwa kuwa asingeuweza. Walikutana kwenye foleni ya soda, mimi nikiwa nahesabu vifuniko vya chupa zilizofunguliwa.

"Mwantumu! Umekonda. Huko mnakula nini?"

"Tunakula tu. Kilele vipi?"

"Kugumu, wallahi. Sielewi kitu. Wananifundisha mabawa. Natamani ningekuwa na wewe Bondeni, ungenisaidia."

"Ungechagua, tungekuwa pamoja."

"Ningechagua vipi? Baba alinikataza. Waraka ulipofika tu, Alhamisi ile, akachukua fomu yangu akaifungia kabatini. Akasema usijaze, usimwambie mtu." Akanywa soda. "Nikadhani na wewe amekwambia."

Mwantumu aliishika chupa yake ya soda kwa mikono miwili. Niliona akihesabu, kwa sababu mimi namjua akihesabu, midomo hucheza kidogo. Waraka ulifika Alhamisi. Mjomba wake alikwenda kwao na simu yenye picha ya kiti Jumamosi ya wiki ile ile.

Nilimwonea uchungu, nasema wazi. Nilitaka kumwambia kitu. Badala yake nikamhesabia Hemedi kifuniko.

*

Alipoitwa jukwaani alipanda. Mwalimu Chande alikuwa amekaa kushoto kwa Waziri, suti ya kijivu, kalamu mbili, tabasamu. Hotuba ya shukrani ilikuwa imechapwa na mimi, ukurasa mmoja, na Mwantumu aliifungua, akaitazama, akaikunja tena.

"Mheshimiwa Waziri, wazazi, shikamooni. Nimeambiwa nimshukuru aliyenishauri. Nakushukuru, Mwalimu Chande."

Watu wa Pakachani walitazamana. Tangu ajifunze kusema, mtoto yule hakuwahi kumwita mtu huyo kwa jina.

Mwalimu Chande alicheka kidogo kuelekea kwa Waziri. "Ni mpwa wangu, Mheshimiwa. Anaona haya." Kisha akamwambia kwa ile sauti ya kumlaza mgonjwa, "Niite mjomba tu, mama. Hapa ni nyumbani."

"Hapana, Mwalimu," alisema Mwantumu. "Mjomba ni yule aliyemwambia Hemedi asijaze fomu. Mimi nilishauriwa na mwalimu."

Waziri alianza kupiga makofi, maana alikuwa amesikia neno mwalimu. Watu wachache wakamfuata. Makofi yalikufa moja moja, kila mtu akigundua kwa wakati wake. Mwalimu Chande alishusha macho, akaanza kupanga kalamu zake, akaitoa moja, akairudisha, akaitoa tena.

Bi Hadiya alikuwa amekwisha simama na kanga yake, amefika nusu ya njia kuelekea jukwaani. Alisimama pale. Alimtazama kaka yake, waliyenyonya naye ziwa moja, kwa muda ambao nadhani Waziri aliuona mrefu. Kisha akaikunja kanga mara mbili, mara nne, akaiweka kwapani, akarudi kukaa. Alishika taya lake, na kwa mara ya kwanza nikafikiri kwamba linamuuma kila siku, hata siku ambazo hafungi kitambaa.

Kombe lilikabidhiwa. Ratiba ni ratiba. Mwalimu Chande sasa ni Afisa Ushauri wa Wilaya na gari analo.

*

Kazi yangu ilikuwa imebaki moja. Kila mwanafunzi aliyepata chaguo lake alipaswa kusaini Fomu ya Kuridhika, na asiposaini cheti chake cha sekondari hakitoki. Fomu ina swali moja: Je, umeridhika? Majibu ya kuchagua ni mawili, Ndiyo na Ndiyo Sana. Nilimwita Mwantumu ofisini wageni walipoanza kula pilau.

"Shikamoo, Mzee Kibwana."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Alikaa. Akaweka alama kwenye Ndiyo, akasaini. Nikavuta kidau cha wino.

"Mzee Kibwana, ule waraka ulipokuja, aliyefungua bahasha ni nani?"

"Barua zote za shule nafungua mimi."

"Ukausoma?"

"Niliusoma, nikaupeleka kwa mshauri. Mimi ni karani tu, mwanangu. Karani hana..."

"Najua," alisema. Akatazama mkoba wangu wa fomu uliotundikwa msumarini, ule ule. Kisha akauliza kama anavyouliza mtu yeyote aliyelelewa vizuri, kabla hajaaga nyumba ya watu. "Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na Saumu?"

Saumu ni mjukuu wangu. Alikaa dawati moja na Mwantumu kwa miaka minne na alinakili kwake kila jibu.

"Hajambo. Anaendelea."

"Siku hizi anasoma wapi? Sikumwona leo."

Ningeweza kusema uongo. Nimegonga muhuri juu ya uongo mwingi tu, na mkono haujaniuma. Lakini alikuwa ananitazama kwa adabu, mikono juu ya magoti, anasubiri jibu.

"Kilele," nilisema.

"Anasomea nini?"

"Meno."

Nilitaka kumweleza kwamba Saumu anaogopa damu, kwamba analia kila wiki kwenye simu, kwamba sikujua kompyuta itampa nini, kwamba nilichofanya ni kuiacha fomu yake moja ndani ya mkoba, basi. Nikagonga muhuri. Mwantumu akachukua cheti chake, akakifunga ndani ya bahasha, akasimama.

"Msalimie," alisema. "Mwambie, Mwantumu anakusalimu sana."

"Zitafika," nilimjibu.

Huku kwetu salamu ni amana. Mtu akikupa salamu, hata za adui, unazifikisha. Saumu amekuja likizo mara tatu tangu siku ile, tumekula sahani moja, na bado sijamwambia.